Kidole Gani?

"Fumba macho," daktari alimwambia fundi mwashi. "Kila nikikuchoma kwa sindano, niambie ni kidole gani."

Fundi akafumba. Mgongo ulikuwa umemsumbua miezi minne, naye kwa ubishi wake akawa anaukanda kwa maji ya moto na kuendelea kubeba saruji. Leo mkewe ndiye aliyemkokota hadi hapa, baada ya kumwona akijikwaa kwenye sakafu tupu.

Akasubiri. Feni ilizunguka juu ya kitanda. Hakuhisi kitu.

"Anza basi, daktari," akatania. "Au sindano imepotea?"

Alisikia tu mkewe akishusha pumzi kama mtu aliyepigwa.

Akafumbua macho. Kila kidole cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na tone la damu, dogo, jekundu, bichi.

"Nimeshamaliza," daktari alisema taratibu. "Diski ya mgongo imechomoza, inakandamiza neva. Tukichelewa, mguu huu hautarudi. Nataka kukupasua leo."

Fundi akainama, akakifinya kidole gumba cha mguu huo mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Mama watoto," akasema, "nishikie viatu."