Kipengele cha Pingamizi

"Mama, hukuleta pingamizi lolote," karani Shomvi alimwambia Bi Mwantumu, akimgeuzia skrini. "Ona mwenyewe, patupu."

Mjane huyo alishikilia kwamba alileta barua kwa mkono wake, kabla nyumba yake haijaandikwa jina la shemejiye.

"Hebu nipishe kidogo, kaka," alisema Mwanahawa, aliyeiandikia ofisi hiyo ya ardhi programu kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Alijua kwamba kipengele cha pingamizi hakiingii kwenye rekodi ya kiwanja mpaka barua ipokewe. Maneno yakifutwa, kipengele hubaki. Kwa hiyo hakuuliza ndani mna nini. Aliuliza kama kipo.

Alianza na kiwanja cha jirani, kisichowahi kugombewa, akaandika swali lake kwa lugha hiyo: "pingamizi" in kiwanja. Mashine ikajibu false. Hakipo.

"Mashine hizi nazo huchanganyikiwa," Shomvi alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mwanahawa akaingiza namba ya kiwanja cha Bi Mwantumu. True. Kipo: barua ilipokewa, maneno yake yakafutwa.

"Inasemaje, mwanangu?" mjane aliuliza.

Mwanahawa alikuwa akiutazama mkono wa Shomvi, uliokuwa ukitambaa taratibu kuelekea kwenye swichi ya ukutani ya kuzimia kompyuta.