Nafasi ya Besi

Mazoezi yalikwama tena mahali palepale. Besi waliingia na maneno ya tenori, kwaya nzima ikaangua kicheko.

"Mwalimu, wimbo huu umetushinda," alisema Eliamani, kiongozi wa besi. "Jumapili tuimbe zile tulizozizoea."

Huo ulikuwa utunzi wa kwanza wa Nsia, mwalimu wao, na hakuwa radhi kuuzika kabla haujazaliwa. Aliichukua karatasi ya Eliamani, akaisoma kwa macho ya mwimbaji badala ya mtunzi. Ndipo alipoona. Ili wimbo uenee ukurasa mmoja, alikuwa amezibana sauti nne hata maneno ya tenori yakakalia vichwa vya nota za besi.

"Nimewalaza wanne kitanda kimoja," alisema, "kisha nawalaumu kwa kupigana mateke!"

Aliketi mbele ya kompyuta iliyokuwa pembeni mwa ukumbi. Kwa kipanya, aliikamata mistari ya besi, akaivuta chini polepole mpaka weupe ukatanda kati yake na tenori. Hakubadilisha nota hata moja.

"Sasa zimekuwa kurasa mbili," Eliamani alinung'unika nakala mpya zilipochapishwa na kugawiwa. "Umetuongezea nini?"

"Nafasi, kaka. Imba."

Safari hii besi waliingia kwa maneno yao wenyewe, wazito, wametulia. Hakuna aliyecheka. Fahari ilimpanda Nsia kifuani. Mkono aliouinua tayari kuwakatiza ulibaki hewani, na mbele yake kwaya nzima ikafunua ukurasa wa pili.