Mwalimu wa Siku ya Wazazi

Siku ya wazazi, mwenye shule alimwita Sikudhani, mwalimu wa Kiingereza aliyetoka nchi ya mbali, jikoni, akamwomba akae humo mpaka wageni waondoke.

"Usikasirike, mwalimu. Wazazi wa huku wanataka Kiingereza kifundishwe na Mzungu. Leo atasimama Pavel."

"Pavel yule mpiga gitaa wa hotelini?"

"Ni leo tu. Kesho utaendelea na darasa lako."

Sikudhani alikuwa amewafundisha watoto wale tangu hawajui hata kusalimia kwa Kiingereza. Aliona aibu, kisha hasira ikaisukuma kando.

"Sikuiacha nchi yangu nije kujificha kwenye masufuria ya watu," akasema, akafungua mlango.

Ukumbini, Pavel alikuwa amesimama mbele ya ubao mtupu akitabasamu, chaki mkononi. Sikudhani alipita katikati ya wazazi, akanyoosha mkono. Pavel akampa chaki upesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwenye shule alimfuata mbiombio. "Toka hapo," akanong'ona. "Kazi utaikosa."

"Basi nifukuze hapa hapa, mbele yao."

Akawageukia watoto, akawasalimu kwa Kiingereza. Msichana mmoja mdogo akasimama na kuitikia kwa sauti kubwa, akafuata mwingine, hata darasa zima likawa limesimama.

Katika mstari wa mbele, baba yake yule msichana naye aliinuka, koti mkononi, kama anayetaka kuondoka. Hakwenda mlangoni wala hakuketi. Alibaki pale, akimtazama bintiye, kisha mwalimu.