Rangi ya Jiko la Mke Mdogo

Fundi alifungua kopo la rangi ya maziwa, kisha la kijani, akamtazama Mama Kamili amwambie ipi apake ukutani.

Jiko halikuwa lake. Mumewe alimjengea mke mdogo, anayeingia Jumamosi, kisha bila haya akamwambia yeye, mke mkubwa, "Kachague rangi wewe, mama. Wewe ndiye mwenye jicho."

"Fungua lile la nyekundu," alisema, akionyesha kopo ambalo fundi alilibakiza kwenye kazi ya baa.

Fundi akacheka, akidhani anataniwa. Mji mzima wa Runzewe ulijua kwamba mganga alimpa mume wa Mama Kamili sharti: nyekundu ikiingia chini ya paa lake, dhahabu inahama kwenye duara lake, shimo analochimba. Kwa sharti hilo Mama Kamili alichoma kanga nyekundu ya marehemu mama yake, akiisukumia motoni kwa kijiti mpaka pindo la mwisho.

"Mama, mzee ataniua."

"Mzee kasema nichague."

Fundi alipolifungua, Mama Kamili alichovya kidole, akachora mstari mrefu ukutani. Rangi ikamchuruzika hadi kiganjani. Hakuifuta.

Simu ikaita. Ni mumewe, akipiga kelele kuishinda mashine ya kusaga mawe.

"Umeshachagua?"

"Nimeshachagua, Baba Kamili. Huko duarani kukoje?"

"Tumegusa mwamba, mama! Unameta wote!"

"Basi chimbeni haraka," alisema, akamwashiria fundi aanze.