Wiki ya Mdahalo

Katika chuo kidogo cha miaka miwili, Perere alisomea ualimu na rafiki yake Digidigi alisomea kilimo. Perere alizoea kukaa mtini, na akiona hatari hupiga ukelele, Digidigi akakimbia.

Ikaja wiki ya mdahalo, nao wakateuliwa kushindana. Desturi ya chuo ilikataza wapinzani kusemezana wiki hiyo; atakayetangulia kusema amekikosa kikombe cha mshindi. Perere alikitaka sana kikombe.

Asubuhi ya mdahalo Digidigi alikuwa akipalilia shamba la chuo. Perere, akiwa mtini kando ya shamba, akamwona Chui akinyemelea kwenye mahindi. Akajiambia, "Ana miguu myepesi, atamwona mwenyewe." Akanyamaza.

"Mbona umenikodolea macho, ndugu yangu?" Digidigi akauliza, kisha akacheka. "Basi, kikombe chako hicho, mimi nimeshasema. Jioni tutaongea."

Chui akaruka.

Ukumbini, kiti cha pili kilikuwa kitupu. "Mpinzani hakufika," alisema Mwalimu Korongo. "Perere ameshinda."

Tangu hapo, kila giza likiingia, Perere hupanda mtini akapiga ukelele ule ule wa kumwonya Digidigi. Wanafunzi wapya hudhani anajiandaa kwa mdahalo.