Moshi wa Gazain

Moshi ulipanda tena juu ya kilima. Dilmurad akautua mtungi wa maji kwa hasira.

"Mwanaharamu yule hachoki?"

"Gazain achoke? Ameapa hatakivua kilemba chake chekundu mpaka akuue." Bibi Granaz alijikanda magoti. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuokota kuni, na kama kawaida yake, alizoleta hazikutosha hata kuchemsha chai.

Ugomvi ulikuwa wa kisima. Dilmurad alimuua ndugu wa Gazain, akakimbia hadi kwenye hema jeusi la ajuza huyu wa kabila la Kibrahui, akashika nguzo na kuomba hifadhi. Katika milima ya Kalat, aliyepewa hifadhi haguswi maadamu yumo ndani ya malisho ya mwenyeji wake. Akivuka mpaka, shauri yake; na kilima cha moshi, alikomvizia Gazain, kilikuwa ng'ambo tu ya mpaka. Wana wa Bibi Granaz walikwenda uaskari Maskati wote, hakurudi hata mmoja, kwa hiyo mgeni ndiye aliyechunga mbuzi. Akachunga mpaka ndevu zikawa nyeupe.

Asubuhi moja alipita mwenye ngamia. Kwao habari hupewa mwenye hema kwanza.

"Kule kwa kina Gazain..." alianza.

"Kunywa chai kwanza, mwanangu, inapoa!" alimkatiza Bibi Granaz.

Mwenye ngamia akanywa. Kisha akamgeukia Dilmurad. "Binti yako Durdana anaolewa mwezi ukiandama. Humuuliza kila mpita njia kama baba yake yu hai."

Dilmurad alikuwa amemwacha Durdana akitambaa. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka kuishi kwa kuchungulia kilima.

Jioni, bibi alipokwenda kuokota kuni, Dilmurad aliwaacha mbuzi bondeni, akavuka mpaka mikono mitupu.

"Gazain!" aliita. "Nimekuja mwenyewe! Niue, au niache nikamwone mwanangu!"

Akapanda hadi juu kabisa.

Palikuwa na kaburi, mawe yake yamekwisha kuzama ardhini. Kichwani pake kilikuwa kimefungwa kilemba, wekundu wake umeliwa na jua hadi ukabaki kwenye mikunjo tu. Kando yake Bibi Granaz alikuwa amepiga magoti, anapuliza moto.

Hakushtuka. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na mbuzi," akasema, "umemwachia nani?"