Cheti cha Vishikizo

Siku hizi posa haipokelewi bila cheti cha vishikizo, zile protini zinazoshikanisha kromosomu ndani ya mayai ya binti ili watoto wake wasizaliwe na kasoro. Mshenga alisoma changu kwa sauti mbele ya wajomba zangu.

“Asilimia arobaini. Sheria inataka sabini.”

“Vishikizo hufungwa mtoto akiwa bado tumboni!” nikafoka. “Mimi nilikosea wapi?”

Shangazi akanifinya. “Hebu nyamaza! Mwari hapayuki mbele ya wageni.”

Wageni wakaondoka na barua yao ya posa. Nikaingia jikoni kwa hasira, nikamkuta mama amepiga magoti sakafuni.

“Nisamehe, Mwanakombo,” alisema. “Nilipokuwa na mimba yako, sikula vizuri.”

Nilijua hakuwa na kosa. Lakini sikumwinua.